Tanga, Bahari Yake na Daftari la Hesabu



Kamati ya jarida la mwaka huu iliniomba niandike historia ya jinsi serikali ya mji wetu ilivyohangaika kutunza mazingira. Nadhani walitarajia mikoko na samaki. Vyote vimo humu ndani, lakini mimi ni mhasibu, na mhasibu akionyeshwa kitu chochote kizuri huuliza mambo mawili: hiki kililipiwa na nani, na mwakani kitalipiwa na nani? Nilipoanza kupanga miaka na matukio niliona kwamba maswali hayo mawili yanaeleza mengi kuliko nilivyodhani. Palipokuwa na fungu la kila mwaka, na mtu wa hapahapa wa kuliangalia, kitu kilidumu. Palipokuwa na fedha ya mradi peke yake, kitu kilianza kurudi kilikotoka siku mradi ulipofunga vitabu vyake.

Tuanze na mkonge, maana mji huu ulijengwa na mkonge. Mwaka 1893, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara, Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 ndiko yalikotoka mashamba yote tuliyoyaona kutoka Muheza hadi Korogwe, na bandari, na maghala, na mitaa ya Ngamiani yenye barabara za namba ambazo mgeni hapotei. Babu zetu walikuja kutoka kila pembe kukata mkonge, ndiyo maana Tanga hakuna anayeweza kumuuliza mwenzake kabila lake kwa ukali.

Lakini angalia hesabu ya jani lenyewe. Katika kilo 100 za majani yanayoingia korona, nyuzi zinazotoka ni kilo 4 hivi, pengine pungufu. Zinazobaki ni makapi na maji machungu. Kwa miongo mingi makapi hayo yalitupwa na maji yakaachwa yaende mtoni, na mto ukayapeleka baharini. Katika vitabu vya mashamba gharama hiyo haikuandikwa popote, kwa sababu aliyeilipa alikuwa mvuvi na mama anayechota maji chini ya korona, na hao hawakuwa na daftari. Ilichukua zaidi ya miaka 100 tangu ile miche 62 hadi mtambo wa kuzalisha umeme kwa biogesi ya makapi ya mkonge ulipojengwa pale Hale, wilayani Korogwe.

Enzi za Waingereza nazipita haraka. Misitu ya mikoko ya pwani ya Tanganyika ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali kati ya mwaka 1928 na 1932, na hilo lilisaidia. Mabomba ya majitaka ya mji wa kale yalipangwa kumwaga baharini, na hilo halikusaidia.

Mwaka ambao kila mwana-Tanga angepaswa kuukumbuka ni 1972. Mwaka huo kiwanda cha mbolea kilianza kazi kando ya ghuba yetu. Tanga ilikuwa mji wa viwanda hasa, na tulijivunia. Mwaka huohuo serikali ilianzisha mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri za miji na wilaya nchi nzima zikavunjwa. Kabla ya hapo, mwaka 1969, kodi ya kichwa iliyokuwa nguzo ya mapato yao ilikwishafutwa. Kwa hiyo mji ulipata viwanda vyenye moshi na maji machafu wakati uleule ulipopoteza baraza la madiwani na mfuko wake.

Sisemi kwamba nia ya Madaraka Mikoani ilikuwa mbaya. Nia ilikuwa kuwapelekea wananchi maendeleo karibu, na vijijini yapo yaliyofanyika. Ila mji si kijiji kikubwa. Mji una mifereji inayoziba kila masika, una vyoo vya kunyonywa, una taka za soko zinazozalishwa leo na kuzalishwa tena kesho. Kazi hizi hazina uzinduzi, wala hakuna anayekata utepe kwenye mfereji uliozibuliwa. Ni kazi za kasma ya matumizi ya kawaida, mwezi baada ya mwezi, na afisa wa mkoa mwenye mashamba na shule za wilaya nzima za kuangalia atazifikia mwisho. Magari ya taka yalikosa vipuri na mifereji ikajaa katika miji mingi ya nchi. Mwishoni mwa mwaka 1977 kipindupindu kililipuka Tanzania, na mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji. Kipindupindu ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Baadaye ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982, na mfumo kamili ukaanza tena mwaka 1984.

Naomba ndugu zangu mtazame jambo hilo vizuri. Halmashauri za miji zilirudi kwa sababu uchafu ulikuwa umeanza kuua watu. Utunzaji wa mazingira ndio uliozipa uhai wa pili. Hata hivyo zilirudi bila magari, bila wataalamu wa kutosha, na zikiwa na vyanzo vya mapato ambavyo serikali kuu ingeweza kuvichukua wakati wowote. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo, ambayo kwa kila mji duniani ndiyo kodi ya mji, ilihamishiwa TRA mwaka 2016, na tangu 2021 tunailipa kupitia LUKU. Ni rahisi kulipa, nakubali, shilingi 1,000 kwa mwezi zilipoanza hazikumuumiza mtu. Lakini mwenye nyumba wa Chuda au Makorora akinunua umeme hajui tena kwamba sehemu ya fedha yake ilikusudiwa kumzibulia mfereji, na diwani wake hawezi kumjibu vizuri akiulizwa.

Sasa bahari. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 80 tulikua tukisikia mlio wa baruti kutoka baharini kama wengine wanavyosikia radi. Baruti zilivuja kutoka machimbo ya mawe na kazi za barabara, zikafungwa kwenye chupa, zikarushwa juu ya kundi la samaki. Mlipuko mmoja huua kubwa na dogo, na hupasua matumbawe ambayo yatachukua miongo kadhaa kurudi. Mvuvi wa dema na mshipi alirudi na mtungo mdogo kila mwaka, na wengine wakajiunga na waharibifu kwa sababu walichoka kuwatazama wakila peke yao.

Mwaka 1994 ilianza Programu ya Hifadhi na Maendeleo ya Ukanda wa Pwani Tanga, kwa fedha za serikali ya Ireland na utaalamu wa IUCN. Ilihusisha wilaya tatu za pwani za wakati ule: Muheza, Pangani na Manispaa ya Tanga. (Mkinga ilikuwa haijazaliwa.) Hii naipenda kwa sababu moja. Watendaji wake walikuwa maofisa wa halmashauri zenyewe, si ofisi ya wageni iliyowekwa pembeni. Walianza kwa kwenda vijijini, Kigombe na Kipumbwi wakiwa miongoni mwa wa mwanzo, wakauliza watu wenyewe tatizo ni nini. Majibu hayakuwa na ajabu: baruti, makokoro, mikoko kukatwa, na viongozi wasiochukua hatua. Vijiji viliunda kamati, vikafunga baadhi ya miamba ili samaki wazaliane, vikaweka sheria ndogo, na doria zikaenda baharini pamoja na wanamaji wa Jeshi. Pwani yote ya mkoa iligawanywa katika maeneo sita ya usimamizi wa pamoja. Majina ya mengine ni ya kwetu kabisa: Mwarongo hadi Sahare, Deepsea hadi Boma. Kina mama walisaidiwa kulima mwani. Milipuko ikapungua sana. Kwa miaka kadhaa Tanga ilitajwa katika mikutano ya kimataifa kama mfano wa jinsi serikali ya mtaa na wavuvi wanavyoweza kukaa meza moja.

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Programu ilifungwa mwaka 2007, na hata kabla haijafungwa milipuko ilikuwa imeanza kurudi. Watu hulaumu rushwa, hulaumu mahakama zilizotoa adhabu nyepesi, na hawakosei. Mimi huongeza mafuta ya boti. Boti ya doria inakula mafuta iwe imekamata mtu au haikukamata, na mashine yake inataka matengenezo kila baada ya saa kadhaa za kazi. Wafadhili walipolipa, boti ilitoka. Walipoondoka, gharama hiyo iliangukia halmashauri zilizokuwa zimepoteza kodi ya maendeleo miaka minne tu kabla. Serikali kuu ilitoa ruzuku ya kufidia, ila ruzuku huja kwa wakati wake na kwa maelekezo yake, na mwenye baruti hasubiri robo mwaka ifunguliwe.

Serikali kuu ilikuja kuingia yenyewe kwa njia mbili. Ya kwanza ni silikanti. Huyu ni samaki ambaye wataalamu walimjua kwenye mawe tu, wakidhani alitoweka mamilioni ya miaka iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wetu wa jarife walianza kuwapandisha kutoka kwenye kina kirefu, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2009 likatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, eneo la kilomita za mraba 552. Ya pili ni kikosi kazi cha vyombo mbalimbali kilichoundwa mwaka 2015, kilichofuatilia hadi wauzaji wa baruti na si warushaji peke yao. Kufikia 2018 milipuko pwani yote ilikuwa imepungua kwa kiwango ambacho wazee wa Sahare wangekiita muujiza. Ni kazi kubwa na inastahili pongezi. Swali langu la mhasibu liko palepale kuhusu mwaka wa kumi wa kazi hiyo.

Taka za mjini zina hadithi ya aina hiyohiyo, fupi zaidi. Tanga ilitangazwa Jiji mwaka 2005. Kuanzia 2010 ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa katika Mradi wa Miji Mikakati kwa mkopo wa Benki ya Dunia, tukapata barabara za lami, mifereji ya maji ya mvua na dampo la kisasa la Mpirani. Dampo la kisasa si shimo. Linahitaji mtambo wa kushindilia, udongo wa kufunika na mtu wa kupima kinachoingia, vyote kila siku. Mwaka 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku nchi nzima kuanzia tarehe 1 Juni, na mifereji ikapumua kidogo. Kwa upande wa usafiri, Tanga haikuhitaji mradi wowote kufundishwa baiskeli. Miji mingine sasa inatumia mabilioni kujifunza jambo ambalo bibi zetu wa Ngamiani walilifanya na baibui zao wakiwa wamekaa nyuma ya kiti.

Nimeyaacha maji mwisho kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo kitabu cha hesabu kilipoanza kuandikwa kwa namna nyingine.

Maji ya Tanga yanatoka Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki kule Amani. Bwawa la Mabayani lilijengwa mwaka 1978, mwaka uleule wa sheria ya kurudisha halmashauri. Mlimani wakikata miti na kulima hadi ukingoni, udongo unashuka na bwawa linajaa tope. Miaka ya 2003 na 2004 wachimbaji wa dhahabu waliingia hadi kwenye mito ya huko juu, na mjini tukafungua bomba tukaona rangi ya chai ya maziwa. Tanga UWASA, iliyofanywa mamlaka inayojitegemea mwaka 1998, haina nguvu ya polisi juu ya mkulima wa Kihuhwi. Ilichofanya ni kushirikiana na wakulima wa bonde kupitia umoja wao, UWAMAKIZI, ili ukingo wa mto upandwe miti na mkulima apate riziki nyingine. Kwa lugha yangu, mtumiaji wa maji wa mjini alianza kuchangia gharama ya chanzo chake. Makapi ya mkonge hayakuwahi kupata mtu wa kuyalipia namna hiyo.

Halafu ikaja Februari 2024. Tanga UWASA ilikwenda sokoni kukopa kwa hatifungani ya kijani, ya kwanza ya aina yake kwa mamlaka ya ngazi hiyo Afrika Mashariki. Kiasi kilichotakiwa ni shilingi bilioni 53.12, kwa miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Kiwango cha chini cha kununua kilikuwa shilingi 500,000, yaani mwalimu, muuza samaki wa Deepsea na kikundi cha vikoba wangeweza kuingia. Zilipatikana bilioni 54.72, zaidi ya zilizoombwa, na Mei mwaka huo hatifungani ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Lengo ni kupanua uzalishaji wa maji na mtandao wa mabomba katika jiji ambalo sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 na ile ya 2022 ikahesabu 393,429.

Wako waliouliza kwa nini mji ukope kwa riba wakati kuna misaada. Swali zuri, na riba si ndogo: kila shilingi bilioni 1 inadai milioni 135 kwa mwaka kabla hujagusa deni lenyewe. Lakini deni lina adabu ambayo msaada hauna. Mwenye hatifungani atataka kuona hesabu zilizokaguliwa, atataka kujua maji yanayopotea njiani ni kiasi gani, atataka bwawa lisijae tope ndani ya miaka 10, kwa sababu bwawa likijaa tope fedha yake iko hatarini. Kwa mara ya kwanza katika historia niliyoisimulia hapa, wako watu wenye karatasi mkononi ambao hasara ya mto ni hasara yao, na wengi wao ni Watanzania. Sidai kwamba njia hii inafaa kila kitu. Mfereji wa Mabawa hauuzi maji, na mwamba wa matumbawe hautoi bili. Hivyo vitaendelea kutegemea kodi ya mji, ushuru, na michango ya watu kama sisi.

Hapo ndipo Chongoleani inapoingia. Tarehe 5 Agosti 2017 marais Magufuli na Museveni waliweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, linaloishia kwenye peninsula yetu, ndani ya mipaka ya Jiji. Ajira tumeziona na wengine mmefaidika, nami nafurahi. Ila meli za mafuta zitapakia katika maji yaleyale ya mwani, dema na silikanti. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 inaipa halmashauri haki ya kutoza ushuru wa huduma kwa makampuni yanayofanya kazi katika eneo lake. Kadiri shughuli zitakavyoongezeka, ningependa madiwani wetu waulizwe kila bajeti: kiasi gani cha ushuru huo kimeandikwa jina la bahari? Nataka kuiona kasma yenye namba yake, mbali na yale mafungu ya “mengineyo”.

Kuhusu mchango wa mwaka huu, wajumbe wanajua kamati ilibishana kwa muda. Kulikuwa na pendekezo la kujenga mnara wenye jina la chama pale ufukweni. Lingependeza kwenye picha. Mimi nilikuwa upande wa walioshikilia kwamba fedha ziende kwenye vitu visivyoonekana, na nashukuru upande huo ulipita. Mfuko utagawanywa katika mafungu matatu: mafuta na matengenezo ya mashine ya boti ya doria ya wavuvi; kitalu cha miche ya mikoko pamoja na posho ya wanaoitunza kwa miaka mitatu baada ya kupandwa, kwa kuwa miche mingi hufa mwaka wa kwanza ikikosa mtu; na vifaa vya vikundi vya vijana wanaozibua mifereji kabla ya masika. Ahadi ya miaka mitatu inapewa kipaumbele kuliko fedha nyingi za mara moja. Anayeweza kutoa 10,000 kila mwezi kwa miezi 36 atuandikie hivyo, tutampangia.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa nyuma. Walioko Mombasa, Muscat na kwingineko nje wamewekewa nafasi ya kujaza sarafu yao. Taarifa ya mapato na matumizi itatolewa kila robo mwaka, ikionyesha lita za mafuta zilizonunuliwa, saa ambazo boti ilikuwa baharini na miche iliyo hai, na mwanachama yeyote anayetaka kuona vocha ataonyeshwa.